Ng'ombe wa Mwenyekiti

Siku Urbano Alute alipokalia kiti cha mwenyekiti wa mji, hakuna aliyepiga makofi kumzidi Chediel Mughwai. Alipiga mpaka viganja vikawaka, mpaka diwani aliyekaa jirani naye akageuka kumtazama. Watu wa nyuma ukumbini wakanong'onezana kwamba huyu kweli ni muungwana, ameshindwa na bado anamfurahia mwenzake. Muungwana! Lau wangeweza kuchungulia kifuani mwake wakati ule, wangetoka nje mbio. Chediel alipiga makofi kwa sababu mikono yake ilitaka kazi, na kazi nyingine iliyoitaka isingefaa mbele za watu.

Kura zilikuwa za madiwani wenyewe. Urbano mwenyekiti, Chediel makamu. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa vyama vingi, enzi za ruksa, maduka yamejaa sabuni na nguo za mitumba, na kila mwenye koti alijiona anafaa kuongoza. Lakini Chediel hakutaka uongozi wowote tu. Alitaka kile kiti. Kilikuwa cha mbao nyeusi, chenye mgongo mrefu, na zamani kilikaliwa na bwana mkubwa wa Kizungu. Baada ya uhuru wakakikalia watu walioletwa kutoka mikoa mingine, wengine hawajui hata njia ya kwenda kijiji cha Mtinko. Tangu alipokuwa karani kijana, Chediel alikuwa akipita mlangoni na kukichungulia, akijiambia kwamba siku moja atakaa pale mtoto wa hapa, mweusi wa hapa hapa, na mtoto huyo atakuwa yeye. Na baba yake atakuja mjini kumwona. Hilo la baba hakumwambia mtu, lakini ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Basi, mtoto wa hapa amekaa, ila siye yeye.

Kilichomchoma zaidi ni maneno. "Mji urudi mikononi mwa wazawa." Maneno hayo aliyatunga Chediel, tena barazani kwa Urbano, wakila mahindi ya kuchoma. Urbano aliyapenda, akaomba ayatumie, na Chediel kwa ukarimu wa kijinga akasema chukua tu. Urbano akapanda jukwaani sokoni, akayasema kwa ile sauti yake nzito, vijana wakaruka juu, akina mama wakapiga vigelegele. Ni kweli alimalizia kwa kusema "kama asemavyo kaka yangu Chediel," lakini nani husikia mkia wa sentensi wakati wa vigelegele? Tangu siku hiyo maneno yakawa ya Urbano. Hata wanawe Chediel waliyaimba wakichota maji, na walipoyaimba walimtaja Urbano.

Wawili hawa walizaliwa Mtinko, nyumba zao zikitazamana, wakatahiriwa msimu mmoja na kuchunga pamoja. Urbano hakuwa na akili ya darasani, na Chediel alimshinda kwa kila kitu kinachoandikwa ubaoni. Lakini jioni wakirudisha mifugo, Mzee Mughwai, baba yake Chediel, alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi na kuitazama mifugo ikiingia. Siku moja Chediel alirudi na mbuzi pungufu, akaanza kueleza habari ya fisi na korongo na mvua. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Urbano amerudisha mbuzi wote," akasema, "wewe umenirudishia hadithi." Watu wazima walicheka, wakasahau. Chediel hakusahau, na sasa alikuwa na mvi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakaa kila kikao kwenye kiti kifupi, bega kwa bega na kile kirefu. Urbano akikohoa, karani analeta maji. Chediel akikohoa, anaambiwa pole. Wakitoka nje, wazee wa mji wanavuka barabara kuja kumpa Urbano mkono, kisha wanakumbuka kwamba na makamu yupo. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe, Dorkas, aliyekuwa na genge la vitunguu sokoni, alimtengea ugali na mlenda jioni moja, akakaa akitabasamu peke yake.

"Baba Eliana, leo mwenyekiti kapita sokoni," alisema. "Kasimama kabisa, kanisalimia, kaniuliza na habari za mguu wangu."

"Mguu wako umefanya nini?"

"Si nilikwambia juzi nilijikwaa?"

Alikuwa amemwambia kweli, naye hakusikia. Chediel akausukuma ugali pembeni, akasema umeiva vibaya.

Wivu ukishakaa tumboni, unatafuta chakula chake wenyewe, na wa Chediel ulikipata kwenye ghala. Katikati ya mji lilikuwako ghala kubwa la shirika moja la umma lililokufa, milango imefungwa kwa mnyororo, popo wamejaa darini. Serikali ilikuwa imeliachia baraza la mji limtafute wa kulipangisha. Mfanyabiashara mmoja, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, alilitaka. Alikuwa wa asili ya Kihindi, watu walimwita Babu Alizeti, na alizaliwa hapo mjini, nyuma ya duka la baba yake. Akina mama wanaolima alizeti, wakiongozwa na mjane mmoja hodari aliyeitwa Winfrida, nao walilitaka. Na Philipo, diwani kijana mwenye viatu vya ncha kali na maneno mengi, alilitaka pia, ingawa hakulima hata bamia. Yeye alisema analitaka kwa niaba ya wazawa.

Urbano alipendekeza ligawanywe. Nusu wachukue akina mama, waweke mbegu zao zisiliwe na panya, nusu achukue Babu Alizeti kwa masharti kwamba awakamulie hao akina mama kwa bei itakayopangwa na baraza, mpaka watakapopata mashine yao.

"Hivi ndivyo mji unavyorudi kwa wazawa?" Chediel aliuliza siku hiyo, na watu wa nyuma wakaguna kwa kukubali. "Nusu nusu?"

"Kaka, ghala tupu halikamui mafuta," Urbano alijibu. "Tushike kwanza kile tunachoweza kukibeba."

Lilikuwa jibu la maana, na ndiyo maana Chediel alilichukia. Jioni Philipo alimfuata, akamnong'oneza kwamba mwenyekiti amekwisha kununuliwa na Babu Alizeti. Tangu lini mweusi akakaa juu na asikumbuke tumbo lake? Chediel alisema tusimhukumu mtu bila ushahidi. Alisema hivyo kwa midomo, lakini usiku huo alilala vizuri kuliko kawaida.

Ushahidi ulijileta wenyewe. Kulikuwa na msiba Unyambwa, nje kidogo ya mji, ambako Urbano alikuwa na nyumba na mashamba. Baada ya mazishi, Chediel alipita nyuma ya boma la Urbano akitafuta njia ya mkato, akasimama kama aliyepigwa na jiwe. Zizi lile alilijua. Mwaka uliopita lilikuwa na ng'ombe watatu, mmoja kibogoyo. Sasa lilikuwa limejaa. Madume wenye nundu, mitamba walionenepa, ndama wanasukumana kwenye nyasi. Mavi mabichi yalikuwa yamerundikwa tayari kwa shamba, na binti mmoja alikuwa anatoka na kibuyu cha maziwa kilichojaa hadi shingoni.

Chediel alitaka kulia, na alipotafuta sababu ya kulia akapata hasira. Miezi michache tu kabla ya uchaguzi, yeye mwenyewe alikwenda Mtinko kwa baba yake, akapiga magoti, akaomba dume mmoja wa kuuza ili achapishe picha za kampeni. Mzee Mughwai alimwonyesha zizi lake lenye ng'ombe wachache waliokonda. "Unaona mwenyewe," alisema. "Nikupe yupi?" Chediel akarudi mikono mitupu, akabandika matangazo ya kuandika kwa mkono. Na huyu hapa Urbano, aliyelelewa na mama mjane, ana zizi linalomwagika.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, na Chediel alilijua kabla hajajua kusoma. Huku kwetu zizi la mtu halikwambii mali yake. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki mahali pamoja, anawagawa kwa watu anaowaamini, hapa watano, kule kumi, ili ugonjwa au ukame usiwamalize kwa mpigo, na ili jicho la watu lisiwaone. Anayewatunza hunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, ngozi inapelekwa kwa mwenyewe. Na mtunzaji hasemi ni wa nani, asilani, hata kwa mkewe. Mwenye adabu naye haulizi. Unaweza kumwuliza mtu dini yake, chama chake, hata umri wa mkewe, lakini ukipita zizini kwake unasema tu "mifugo imenawiri" na kuendelea na safari.

Chediel aliyajua yote haya. Lakini alikuwa amekaa mjini miaka mingi, na mjini kilicho uani kwako ni chako. Zaidi ya hapo, hakutaka kukumbuka. Mtu aliyetafuta fimbo muda mrefu, akiiokota haulizi ni ya mti gani.

Hakumwendea Urbano. Alimwendea Philipo. Philipo aliwaendea wengine, na kikao kilichofuata ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Akina mama wa alizeti walikuwepo, Babu Alizeti alikuwepo amekaa nyuma kabisa na bakora yake, na vijana wa stendi walikuwa wamepanda juu ya matofali nje ili waone. Chediel alivaa suti yake ya kijivu, ile ya harusi ya binti yake. Alisimama taratibu, akiuonja utamu.

"Waheshimiwa," alianza, "tuliwaahidi watu hawa kwamba mji utarudi kwa wazawa. Mwenyekiti wetu anasema tugawane na tajiri, nusu kwa nusu. Mimi nilijiuliza kwa nini. Nilipofika Unyambwa nikapata jibu. Mwaka jana mwenyekiti alikuwa na ng'ombe watatu. Leo zizi limejaa. Mheshimiwa Mwenyekiti, tuambie mbele ya wananchi, ng'ombe wale umewapata wapi?"

Ukumbi ulinguruma. Urbano alikuwa ameshika kalamu, akaiweka chini taratibu. Alimtazama Chediel kwa muda, na macho yake hayakuwa na hasira. Chediel aliyasoma macho hayo kuwa ya woga.

"Wale ng'ombe si wangu," Urbano alisema.

Watu wakacheka. Vijana wa dirishani wakapiga miluzi.

"Kama si wako ni wa nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Kaka Chediel," Urbano alisema kwa sauti ya chini, karibu kumbembeleza, "tukitoka nje, mimi na wewe, nitakujibu."

"Utanijibu gizani? Jibu hapa! Au utwambie kama wametoka kwa yule aliyekaa nyuma na bakora!"

Vichwa vyote vikageuka. Babu Alizeti akasimama kwa shida, akasema kwa Kinyaturu cha wenyeji, safi kabisa kuliko cha Philipo, kwamba maishani mwake hajawahi kumiliki ng'ombe hata mmoja, maana mkewe hapendi nzi. Wazee wachache walitabasamu. Wengine hawakutaka kutabasamu, kwa hiyo hawakusikia.

Diwani mmoja mzee, mzaliwa wa Mtinko, Petro, aliinua mkono. "Mheshimiwa Makamu," alisema, "wewe ni mtoto wa kwetu. Swali hilo haliulizwi."

"Hayo ni ya kijijini, mzee wangu," Chediel alijibu. "Hapa ni mjini. Kiongozi wa mji hana zizi la siri."

Makofi yalilipuka. Ah, yale makofi! Chediel aliyanywa kama mtu aliyetoka shambani saa saba mchana. Hatimaye walikuwa wanamshangilia yeye, kwa maneno yake, kutoka kinywani mwake. Petro akakaa chini, akatazama sakafu, na madiwani wengine wawili watatu wa rika lake wakatazama sakafu pia. Wao walikuwa wameelewa kwamba mtu anayekubali kuvuliwa kiti kuliko kumtaja mwenye mali hajaiba kitu. Lakini hata kulisema hilo kungekuwa kuanza kumtafuta huyo mwenye mali, kwa hiyo walinyamaza. Vijana na wageni waliona kimya tu, na kimya wakakiita hatia.

Kura ya kutokuwa na imani ikapigwa. Urbano akaanguka. Kabla jua halijatua, waliokuwa wameshika jembe la kumng'oa wakamchagua Chediel. Urbano alikusanya karatasi zake, akamsogelea, akampa mkono. "Hongera," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ambayo Chediel peke yake aliisikia, "Usimwache mzee akasikia kwa watu wengine." Chediel hakuelewa ni mzee gani, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Watu walikuwa wamekwisha kumbeba mabegani.

Kile kiti, jamani, kilikuwa kigumu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba mtu wa wastani alilazimika kukaa kama anapigwa picha. Chediel hakujali. Wiki ile ile baraza lilimpa Philipo ghala lote, yeye akiwa mzawa, na watu wakaimba. Haukupita muda, Philipo akampangishia Babu Alizeti ghala zima kwa bei aliyoipanga mwenyewe, akajinunulia pikipiki. Akina mama wakarudi kuweka magunia yao chini ya miti sokoni, na mvua ya kwanza ikayaotesha. Dorkas alimweleza mumewe habari hiyo wakati anakunja mashuka. Chediel akasema mambo ya utawala yana taratibu zake.

Akili yake ilikuwa Mtinko. Jumamosi moja alipanda Landrova ya mji, dereva mbele, yeye nyuma, kwenda kumchukua baba yake aje aone. Njiani alijizoeza atakavyosema. Hatakuwa na majivuno. Atasema tu, "Baba, twende ukaone mahali ninapokaa," na mzee atapanda gari, na watu wa Mtinko watamwona akipanda.

Mzee Mughwai alikuwa amekaa nje ya tembe yake, juani, akirekebisha kandambili zake za tairi kwa msumari. Alikuwa amepungua. Zizi lilikuwa kando, na ng'ombe wale wale wachache.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee hakuacha msumari. "Nasikia umekalia kiti."

"Ndiyo, baba. Nimekuja kukuchukua ukakione."

"Nasikia pia ulisimama mbele ya watu, ukasema ng'ombe walioko kwa Urbano ni wa rushwa."

"Ilinibidi, baba. Wananchi wana haki ya kujua."

"Ni wangu," mzee alisema.

Dereva, aliyekuwa amesimama karibu akisubiri, aligeuka na kwenda kukagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Chediel alitazama zizi lile la ng'ombe waliokonda, kisha akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mzee wake ni tajiri, na kwamba amekuwa tajiri wakati wote ule, hata siku alipopigiwa magoti.

"Malisho ya huku yalikauka," mzee aliendelea, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Nikamwita Urbano, nikampa baadhi awasogeze Unyambwa, karibu na ziwa. Ulipouliza mbele ya watu wakaanza kupeleleza, na sasa kila mtu huku kajua. Wamekuja binamu ambao sijawaona tangu enzi za ujamaa, kila mmoja ana shida. Watu wa kodi ya mifugo nao wamekuja. Dada yako anauliza kwa nini mahari yake niliitumia kujengea wakati nina mali. Mzee mzima nimekuwa mwongo mbele ya watoto wangu."

"Kwa nini hakusema?" Chediel alipaza sauti, na sauti ikamkatika. "Kwa nini Urbano hakusema ni wako? Ningenyamaza! Kiti angebaki nacho!"

"Alikuja kuniuliza kama aseme. Siku moja kabla, maana alishasikia mnachokipanga. Nikamwambia afanye apendavyo." Mzee aliijaribu kandambili mguuni, akaivua tena. "Akasema akisema, nitaaibika mimi, na wewe utaaibika zaidi."

Hapo ndipo ilipomwingia hasa. Haikuwa aibu, ingawa aibu ilikuwepo. Ilikuwa hisia ile ile ya zamani, ya mlangoni mwa zizi, na sasa ilikuwa mbichi kuliko utotoni. Urbano alikaa na baba yake hapa, wakashauriana, wakamzungumzia yeye kama mtoto anayehitaji kufichiwa. Alimwonea Urbano wivu kwa kuanguka kwake. Aliwaza, ningekuwa mimi niliyeanguka hivyo, baba angenitazama namna gani?

"Mimi ni mwanao," alisema. "Ungenipa mimi niwatunze."

"Wewe?" Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike, tena bila ukali wowote, na afadhali angekuwa mkali. "Cha mtu kikiwa mkononi kwa Urbano kinabaki cha mtu. Kikiwa kwako kinakuwa chako. Hata huo mji, Chediel. Ulisema urudi kwa wenyewe. Umerudi kwa nani?"

Chediel alisikia kuku wakiparua nyuma ya tembe.

"Bado wako Unyambwa?" aliuliza hatimaye.

"Nimewaondoa."

"Umewapeleka kwa nani?"

Mzee Mughwai aliinamia kandambili yake, akagonga msumari. Chediel alisubiri. Msumari uligongwa mpaka ukazama wote, kisha ukagongwa mwingine, na jibu halikuja. Hakumwomba tena apande gari.

Njia nzima ya kurudi alimwambia dereva apunguze mwendo. Kila boma walilopita aliliangalia zizi lake. Lile limenenepa. Yule mzee anayepunga mkono, mbona anacheka hivyo, ana nini? Na yule mwenye baiskeli, ambaye hata jina lake halijui, naye angeweza kuwa ndiye. Mtu yeyote katika nchi ile, awe mlevi, awe mpagazi wa stendi, angeweza kuwa ndiye anayeaminiwa na baba yake kuliko yeye, na Chediel alimwonea kila mmoja wao wivu, mmoja mmoja, mpaka wakaingia mjini.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, na madiwani wakaanza kuingia. Walimwinamia, walimwita mheshimiwa, na yeye hakutazama uso wa hata mmoja. Alitazama viatu. Vya Philipo vilikuwa vinang'aa. Vya Petro vilikuwa na vumbi jekundu, vumbi tupu. Vya diwani wa Unyambwa vilikuwa na kitu pembeni, akanyoosha shingo, lakini ilikuwa gundi ya fundi.

Urbano aliingia wa mwisho, akakaa kwenye benchi la madiwani wa kawaida. Winfrida na wenzake walikuwa wamesimama nyuma ya ukumbi. Urbano aliinua mkono, akaruhusiwa, akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema kwa sauti yake ile ile nzito, "ghala tulimpa mzawa mwenzetu. Leo limo mikononi mwa yule yule ambaye tulisema tunamnyang'anya, naye analipia zaidi, na akina mama hawa mbegu zao zimeota mvuani. Ninaomba utuambie, sisi wazawa tumepata nini?"

Ukumbi mzima ukamgeukia mwenyekiti. Mkurugenzi wa mji akakohoa. Karani akainua kalamu.

Chediel hakuwa amesikia swali. Kwenye kisigino cha kiatu cha kushoto cha Urbano kulikuwa na mavi ya ng'ombe, mabichi, ya asubuhi ile. Urbano alikuwa na ng'ombe wake watatu, kwa hiyo mavi yale hayakuthibitisha chochote, na Chediel alilijua hilo vizuri. Alijua, na wivu ulimkaba hivyo hivyo, na watu wote wakimngoja aseme, macho yake hayakutoka kwenye kile kisigino.